Celeron mpya au i7 ya zamani? Laptopu ya mhasibu mwenye laki tisa

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea, nipo Morogoro. Naandaa vitabu vya maduka saba na SACCOS moja, kwa hiyo nashinda kwenye Excel, mifumo ya TRA na vikao vya Zoom. Laptopu yangu imekufa. Nimejipanga na Sh 900,000 na wiki ijayo nashuka Kariakoo. Duka moja lina laptopu mpya ya boksi, Celeron, RAM 4, hifadhi 64, waranti ya mwaka. Jingine lina iliyotumika kutoka Ulaya, wanasema ni "i7 kabisa, kizazi cha 6", RAM 8. Umeme kwetu unakatika mara kwa mara. Nichukue ipi?

Jibu: Dada, kwa kazi uliyoitaja usichukue hata moja kati ya hizo mbili. Tafuta laptopu iliyotumika ya daraja la makampuni, yenye prosesa (chipu ya kufanyia hesabu; Celeron na i7 ni majina ya chipu hizo) ya Intel kizazi cha 8 au zaidi, RAM 8 inayoweza kuongezwa hadi 16, na SSD, yaani hifadhi yenye kasi, ya GB 256. Bei za Kariakoo hupanda na kushuka kwa shehena na kwa dola, lakini hili ndilo kundi la kulenga kwa fedha yako. Kuipata si kazi. Kazi ni kuikagua kabla fedha haijatoka mkononi, ndiyo maana sehemu kubwa ya jibu hili ni ukaguzi.

Tuanze na hiyo Celeron. Zinazouzwa kwa maelezo hayo mara nyingi ni za kundi la N4020, yenye viini viwili tu vya kufanyia hesabu. Hiyo "64" kwa kawaida si SSD bali ni eMMC, hifadhi iliyochomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine), ndugu wa ile ya simu za bei ya chini. Windows 11 ikishakaa humo na masasisho yake, nafasi inayobaki ni ndogo, na baada ya miezi kadhaa sasisho linagoma kwa kukosa pa kujipanga. RAM nayo mara nyingi imechomelewa, huwezi kuongeza. Ukifungua faili la Excel lenye miamala ya mwaka mzima, kivinjari chenye kurasa za TRA, kisha mteja akakuita Zoom, RAM 4 inakwisha, mashine inaanza kuazima nafasi kwenye eMMC, na kila kitu kinaganda. Waranti ya mwaka inafunika kuharibika, haifuniki mwendo wa pole wa mashine. Kwa mwanafunzi wa kuandika insha ingefaa. Kwako itakuwa mateso ya kila mwisho wa mwezi.

Sasa i7. Jina "i7" peke yake halisemi kitu. Angalia namba inayofuata. i7-6600U inaanza na 6, yaani kizazi cha 6, na ina viini 2. i5-8250U inaanza na 8, kizazi cha 8, na ina viini 4. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 inaishinda i7 ya kizazi cha 6 kwa kazi nyingi zinazofunguliwa pamoja, na ndiyo kazi yako. Kuanzia kizazi cha 10 unasoma tarakimu mbili za mwanzo: i5-10310U ni kizazi cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Muuzaji akikuambia i7 bila kutaja namba, mwombe namba.

Kuna sababu ya pili, na kwa mhasibu ni nzito kuliko kasi. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha vighairi vichache, inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 (kwa AMD ni Ryzen mfululizo wa 2000 na kuendelea). Fundi atakuambia anaweza kuiingiza Windows 11 kwenye kizazi cha 6 kwa njia ya mkato. Anaweza kweli. Lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuipa masasisho mashine ya namna hiyo, na wewe unashika nywila za wateja saba na taarifa za akiba za wanachama. Usijenge ofisi juu ya kitu hicho.

Zipi hasa? Kwa kuwa umeme ni tatizo lenu, ya kwanza kuitafuta ni Lenovo ThinkPad T480. Ina betri mbili: moja ya ndani ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha ujazo wa betri), na nyingine ya nyuma inayochomoka, ambayo huja kwa ujazo tofauti, hadi ile nene ya Wh 72. Unaweza kuchomoa ya nyuma na kuweka nyingine mashine ikiwa inawaka, mradi ya ndani ina chaji. RAM yake iko kwenye nafasi mbili, zote zinabadilishika. Usiichanganye na T480s, ambayo ni nyembamba, haina betri ya kuchomoka, na sehemu ya RAM yake imechomelewa. Ukiikosa, Dell Latitude 7490 au HP EliteBook 840 G5 ni chaguo jema, zote zina nafasi mbili za RAM. Kwenye 840 G5 kuwa macho kwa mambo mawili. Zipo zilizotoka na prosesa ya kizazi cha 7, kwa hiyo "G5" siyo uthibitisho wa kizazi. Na zipo zenye kioo cha faragha kinachoitwa Sure View: kinaficha maandishi kwa aliyekaa pembeni, lakini hata kikizimwa rangi zake ni hafifu, na macho yako yatalipa kwa saa nane za Excel. Kitambue kwa alama ya kioo chenye mistari kwenye kitufe cha F2.

Hizo zote ni inchi 14, hazina safu ya namba upande wa kulia. Kama umezoea kuingiza tarakimu kwa mkono wa kulia bila kutazama, tafuta inchi 15.6: ThinkPad T580, Latitude 5590 au ProBook 450 G5, kwa tahadhari ileile ya kizazi. Ni nzito begani kwenye daladala. Njia ya kati ni kununua inchi 14 na kibodi ndogo ya namba ya USB, kifaa cha bei ndogo kinachokaa mezani nyumbani.

Usimalize laki tisa kwenye mashine. Bakiza kama laki moja na nusu kwa RAM ya pili, diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na kizuia-mshtuko cha umeme. RAM 8 inatosha kuanza, 16 ndiyo inayokupa utulivu. Kama ndani kuna kijiti kimoja cha 8, unaongeza kingine cha DDR4 SO-DIMM, aina ya RAM ya laptopu hizi, na kazi imekwisha. Mashine ikiwa na vijiti viwili vya 4, kuongeza kunamaanisha kutoa kimoja, hivyo uliza mapema.

Ukaguzi dukani

Nenda asubuhi, siku isiyo ya pilikapilika, na jipe saa nzima kwa kila mashine. Beba flashi yenye CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, simu yenye bando la kutosha, na spika za masikioni zenye waya. Muuzaji asiyekuruhusu kukaa na mashine saa moja, mshukuru uende kwa jirani yake.

Stika ya "Core i7" inabandikwa na yeyote, hivyo usiitazame. Zima mashine, iwashe huku unagonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, au F1 kwa ThinkPad. Unaingia kwenye BIOS, programu ya msingi ya mashine inayoamka kabla ya Windows. Hapo soma prosesa, RAM na namba ya utambulisho wa mashine (serial number), kisha linganisha namba hiyo na iliyoandikwa chini ya ganda. Zikitofautiana, mazabodi au ganda limebadilishwa, na hujui kilichotokea kabla. Ukiombwa nywila ili kuingia BIOS, rudisha mashine. Kwenye laptopu za makampuni nywila hiyo haifutiki kwa kutoa kibetri cha saa kama kwenye kompyuta za mezani, inakaa kwenye chipu na kuitoa ni kazi ya kuchomelea au kuandika upya chipu. Ukiwa humohumo tafuta mstari wa Computrace au Absolute. Ikiwa imewashwa kwa kudumu, mmiliki wa zamani ana uwezo wa kuifunga mashine kwa mbali hata ukibadilisha diski.

Kuna kifungo kingine ambacho wengi hukigundua wakiwa wameshafika nyumbani. Makampuni ya Ulaya husajili laptopu zao kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot. Mashine ikiuzwa bila kuondolewa kwenye usajili, inafanya kazi vizuri mpaka siku utakapoweka Windows upya ukiwa na intaneti: hapo inakukaribisha kwa jina la kampuni na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Dawa ni kumwomba muuzaji aiweke Windows upya mbele yako, na mnapofika hatua ya mtandao uiunganishe na hotspoti ya simu yako. Ikiendelea kuuliza mambo ya kawaida, hapo iko huru. Muuzaji akisisitiza "usiunganishe intaneti sasa, utaunganisha baadaye", umeshapata jibu lako.

Baada ya hapo, betri. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ingia, kisha andika:

powercfg /batteryreport

Itakuambia faili limehifadhiwa wapi, lifungue kwa kivinjari. Tafuta "Design capacity", yaani ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, na "Full charge capacity", ujazo wa sasa. Gawanya cha pili kwa cha kwanza. Mfano, 50,000 ya kiwandani na 34,000 ya sasa ni asilimia 68. Kazi za ofisi hula kama wati 8 hadi 10, kwa hiyo Wh 34 zitakupa saa tatu na nusu hivi hadi nne. Chini ya asilimia 60, dai punguzo la bei ya betri mpya au iache. T480 itakuonyesha betri mbili, zihesabu kila moja.

Ripoti nzuri kupita kiasi nayo isikuleweshe. Betri bandia huandikiwa chipu inayosema asilimia 100 na mizunguko sifuri. Chomoa chaja, weka mwanga wa kioo wa kati, cheza video kwa dakika 20. Betri ya Wh 34 ikishuka asilimia 10 hivi ni sawa. Ikishuka 25, ripoti inadanganya. Pitisha kiganja chini ya ganda na juu ya padi ya kipanya: palipoinuka pana betri iliyovimba, na iliyovimba haitumiki hata siku moja.

Diski: fungua CrystalDiskInfo. Angalia asilimia ya afya, saa ilizotumika, na jina la mtengenezaji. Saa nyingi si kosa kama afya iko juu, SSD za makampuni huwa zinavumilia. Kinachotia shaka ni laptopu ya 2018 yenye SSD isiyo na jina lolote linalojulikana na saa 3 za matumizi. Hapo SSD asilia imetolewa ikauzwa kwingine, ikawekwa ya bei ya kutupa. Hiyo ndiyo inayokufa ghafla, bila kutoa dalili, na vitabu vya mteja vikiwa ndani.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance". Kwenye RAM utaona nafasi ngapi zimetumika, mfano 1 kati ya 2. Kwenye CPU tazama kasi wakati video inacheza na chaja imechomekwa. Ikikwama kwenye GHz 0.8 au chini ya hapo bila kupanda, chaja ndiyo ya kwanza kushukiwa. Dell hasa huisoma chaja kwa waya wa tatu wa utambulisho. Ikikuta ya kuigiza huandika kwamba aina ya chaja haijulikani, hugoma kuchaji betri na kuipunguza kasi mashine. Dai chaja ya wati 65 inayotambulika, uijaribu palepale.

Mengine ni macho na vidole. Fungua ukurasa mweupe mtupu utafute madoa na mistari, kisha mweusi utafute nuru inayovuja kwenye kingo. Hakikisha kioo ni cha nukta 1920 kwa 1080, kwa sababu kile cha 1366 kwa 768 kinakuonyesha mistari michache mno ya jedwali, na mashine hizi zilitoka na vyote viwili. Andika kila herufi na kila tarakimu. Mashine nyingi kutoka Ujerumani na Ufaransa zina mpangilio mwingine wa kibodi uliofunikwa kwa stika. Stika hizo huchakaa, na umbo la kitufe cha Enter halibadiliki. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Tundu la USB-C lisicheze kama jino bovu, na liweze kuchaji. Jirekodi sauti, washa kamera, jaribu spika za masikioni. Fungua na ufunge kioo mara kumi ukisikiliza bawaba. Wakati wote huo mashine inawaka, na baada ya nusu saa iguse: joto ni kawaida, kuunguza kiganja na feni kulia mfululizo ni vumbi au gundi ya prosesa iliyokauka. Hilo linatengenezeka kwa fundi, lakini liingie kwenye mazungumzo ya bei.

Mwisho wa ukaguzi, kwenye cmd andika:

slmgr /xpr

Ikijibu kwamba Windows imewezeshwa kwa kudumu ("permanently activated"), vizuri. Ikitaja tarehe ya kuisha, imewezeshwa kwa leseni ya muda, ambayo kwenye mashine ya namna hii karibu kila mara ni ya kughushi.

Malipo

Lipa baada ya majaribio, si kabla, na mashine uliyoijaribu iingie begani mwako papo hapo. Isipelekwe stoo "kufungwa kwenye boksi". Dai risiti ya EFD yenye modeli na namba ya utambulisho wa mashine. Waranti ya duka iandikwe: muda gani, inahusu nini, na wakirekebisha itachukua siku ngapi. Mwezi mmoja ndiyo kiwango cha chini cha kukubali, kwa kuwa kasoro nyingi za mazabodi na RAM hujitokeza katika wiki za mwanzo za kazi nzito. Kwa hiyo itwishe kazi zako zote tangu siku ya kwanza.

Umeme

Laptopu yenye betri nzima tayari inakukinga na kukatika. Kinachoua ni kurudi kwa umeme kwa kishindo. Pitisha chaja kwenye kizuia-mshtuko chenye kuchelewesha, kile kinachosubiri dakika chache umeme utulie, na chomoa kabisa wakati wa radi. Mvua za Uluguru unazijua kuliko mimi.

T480 na wenzake huchajiwa kwa USB-C, na hiyo ni faida kubwa: pawabenki ya wati 65 yenye mAh 20,000 inabeba Wh 74, na baada ya upotevu utaingiza kama 60, yaani chaji nzima ya laptopu yenye betri ya Wh 50 na zaidi kidogo. Hakikisha imeandikwa inatoa volti 20. Zile za simu za volti 5 hazitaisogeza.

Usiku wa kwanza

Windows aliyoweka muuzaji iondoe, hata kama inafanya kazi vizuri. Usimshuku kwa ubaya; ni kwamba hujui kilichoingizwa pamoja nayo, hasa kama kuna Office iliyovunjwa leseni. Programu za kuvunja leseni ni njia ya kawaida ya kupitishia wezi wa nywila, na kompyuta yako itakuwa na nywila za benki na za kodi za watu wengine. Shusha Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft kwa zana yao ya kutengenezea flashi, flashi ya GB 8 inatosha, uisimike kwenye diski iliyofutwa. Leseni halali ya mashine itajitambua yenyewe ukichagua toleo lilelile, mara nyingi Pro. Kwa jedwali, lipia Excel au tumia LibreOffice Calc ambayo ni bure kihalali. Faili zenye makro zijaribu kwanza, baadhi hazifanyi kazi humo.

Ukichukua T480, siku hiyohiyo weka sasisho la Lenovo la programu-kiini ya Thunderbolt, inayoendesha tundu la USB-C. Toleo la zamani lina kasoro inayoweza kuliua tundu la USB-C, na likishakufa linaacha kuchaji, matengenezo yake yanagusa mazabodi. Baada ya hapo washa BitLocker, kufuli la diski linalopatikana kwenye Pro, ili mwizi wa laptopu asipate vitabu vya wateja. Ufunguo wake wa dharura uchapishe kwenye karatasi, uweke mahali tofauti na mashine. Bila karatasi hiyo, hitilafu moja ya BIOS inaweza kukufungia nje wewe mwenyewe. Ndipo unapoingiza faili za wateja, na nakala yake ya kwanza iende kwenye diski ya nje usiku huohuo.